Shule ya Sanaa ya Makerere: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maswali ni yale yale: Makerere kuna sanaa? Ni chuo cha nini? Mzazi nitamwambiaje? Nimeyakusanya hapa na kuyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Shule ya sanaa ya Makerere ni chuo kikuu kinachojitegemea?

Hapana. Ni shule iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Makerere, chuo cha umma kilichopo kwenye kilima cha Makerere, Kampala. Jina lake la kiofisi ni refu, yaani Shule ya Sanaa za Viwanda na Sanaa za Ufundi ya Margaret Trowell, hivyo wengi hutumia kifupi chake, MTSIFA. Iko chini ya CEDAT, ndaki inayokusanya uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia. Ndiyo maana mchongaji na mhandisi wa majengo wanajikuta chini ya ndaki moja, na barua ya udahili inatoka Makerere wala si kwenye shule yenyewe.

2. Kwa nini huku kwetu hakuna chuo kikuu cha umma cha sanaa na ubunifu peke yake, kama cha London au Toronto?

Kwa sababu sanaa kwetu ililelewa ndani ya vyuo vikuu vikubwa. Ukitaka kusoma sanaa katika chuo kikuu cha umma utaikuta kama shule au idara: Makerere, Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tanzania tuna pia TaSUBa pale Bagamoyo, taasisi ya umma inayofundisha sanaa, ingawa yenyewe inajulikana zaidi kwa ngoma, muziki na maigizo.

Mimi sioni hasara. Mwanafunzi wa sanaa anayekula meza moja na mwanafunzi wa udaktari huzoea mapema kueleza kazi yake kwa mtu asiyejua chochote kuhusu sanaa. Ukishamaliza masomo, watu wa namna hiyo ndio wateja wako.

3. Ilianza lini, na Margaret Trowell ni nani?

Ilianza mwaka 1937, barazani kwa nyumba ya watu. Trowell alikuwa Mwingereza aliyesomea sanaa katika shule ya Slade, London. Alikuja Afrika Mashariki na mumewe, Hugh Trowell, aliyekuwa daktari, wakaishi kwanza Kenya kisha Uganda. Hakuwa na jengo wala bajeti, akawakaribisha wanafunzi barazani kwake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi hao zilikuwa zinaonyeshwa London. Somo likaingia rasmi Makerere, na yeye akaliongoza hadi alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1950.

Makerere yenyewe, ilipofunguliwa mwaka 1922, haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa shule ya ufundi yenye vijana 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kwa hiyo anayekuambia kazi za mikono ziliingia Makerere kwa mlango wa nyuma, mwambie ndizo zilizofungua mlango wa mbele.

4. "Sanaa za viwanda" maana yake nini? Nitatengeneza mashine?

Hutatengeneza mashine. Hapa sanaa za viwanda ni zile zinazoishia kwenye kitu cha kutumika: kitambaa, chombo cha udongo, pambo la mwilini, nembo, kifungashio, bango. Sanaa za ufundi ni picha, sanamu na chapa, vitu vinavyotazamwa. Neno la viwanda liliongezwa kwenye jina la shule baadaye. Awali ilikuwa ya sanaa za ufundi tu.

Kiswahili kimetutangulia katika jambo hili. Tunasema sanaa za *ufundi*, na mtoto wa Pwani akiona mlango uliochongwa vizuri humsifu fundi. Hamuulizi kama yeye ni fundi au msanii. Mgawanyiko wa wasanii huku na mafundi kule tuliletewa, na shule hii imetumia miongo kadhaa kuushona tena. Mshono huo ndio sababu yangu kubwa ya kumshauri mtu aende Makerere.

## Watu na historia

5. Kuna Watanzania na Wakenya waliosoma pale, au ni ya Waganda?

Wapo tangu mwanzo, na kwa kweli nusu ya historia ya sanaa ya Kenya na Tanzania imepitia kilima hicho.

Gregory Maloba alitoka Kenya, akasoma kwa Trowell, akabaki kufundisha. Mnara wa Uhuru wa katikati ya Kampala, ule wa mtu aliyezungushiwa kamba mwilini na kuinua mtoto juu, ni kazi yake ya mwaka 1962. Baadaye alikwenda kufundisha Nairobi.

Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alisoma Makerere, akaenda Slade, akarudi kufundisha. Tanganyika ilipopata uhuru alipelekwa London kuwa Balozi. Alipenda kuchora maisha ya kwao: migomba, mavuno, watu wakifanya kazi kwa pamoja. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku inamilikiwa na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Mkewe, Sarah Ntiro, naye ana historia yake: mwanamke wa kwanza wa Uganda kuhitimu Oxford.

Elimo Njau wa Marangu ndiye aliyechora ukutani katika kanisa la Murang'a mwaka 1959 maisha ya Yesu yakiwa na sura na mandhari ya Kiafrika. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa, Nairobi, yaani swala anayepaa. Anajulikana kwa onyo lake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Ukipenda kuchora kwa kufuatisha picha za simu, litafakari.

Ninayempenda kuliko wote ni Rosemary Karuga, Mkenya, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, 1950 hadi 1952. Alirudi kwao akawa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ikapita, watoto wakakua, sanaa ikangoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amestaafu na bila pesa ya rangi, alichukua karatasi za sabuni na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika hadi vikawa kuku, mbuzi na wanawake walioinama shambani. Ukisogea karibu na picha zake unaona herufi za pakiti zimejificha kwenye mbawa za kuku. Ukirudi nyuma hatua mbili herufi zinapotea na kuku anaanza kudonoa. Kazi hizo zikamvusha bahari hadi New York. Alifariki mwaka 2021.

6. Ni kweli Trowell alikataa kuwafundisha Waafrika uchoraji "halisi"?

Kuna ukweli, lakini umepotoshwa. Trowell aliogopa kwamba akiwamwagia wanafunzi kanuni za Ulaya watakuwa waigaji. Njia yake ilikuwa kusimulia hadithi, mara nyingi ya Biblia au ya kijijini, halafu mwanafunzi afumbe macho aione mwenyewe kisha aichore. Alithamini sana vikapu, vyungu na mikeka, na aliwahi kuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda.

Tatizo ni kwamba ndiye aliyekuwa anaamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika. Mkufunzi Mwingereza kumwambia kijana wa Buganda awe Mwafrika zaidi ni jambo la kuchekesha, kama lisingekuwa zito. Aliyemrithi, Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, alikwenda upande wa pili: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya, mitihani. Wasomi wa shule hiyo bado wanabishana nani aliharibu na nani alijenga. Kwangu mimi Trowell alikosea kuhusu Waafrika, ila kuhusu mikono alikuwa sahihi.

7. Nini kilitokea wakati wa Idi Amin?

Baada ya mapinduzi ya Januari 1971 walimu wa kigeni waliondoka mmoja mmoja, rangi na vifaa vikaadimika, na wasanii wengi wakavuka mpaka kwenda Kenya. Theresa Musoke, aliyekuwa amechora ukutani katika bweni la wanawake la Mary Stuart, aliishi Kenya miaka mingi. Jonathan Kingdon, mchoraji na mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora na kufundisha Makerere, naye aliondoka katika miaka hiyo.

Mateso ya kipindi hicho na vita vilivyofuata utayaona kwenye sanamu ya Francis Nnaggenda iliyoko maktaba kuu. Ni mwili wa mti, mkubwa, uliokatika viungo, na bado umesimama.

## Masomo yenyewe

8. Wanafundisha nini?

Kuchora, uchoraji wa rangi, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji, ubunifu wa vitambaa, usanifu wa michoro kwa ajili ya matangazo na vitabu, mapambo, pamoja na historia na nadharia ya sanaa. Shahada ya kwanza inayojulikana zaidi ni ile ya Sanaa za Viwanda na Sanaa za Ufundi, BIFA kwa kifupi. Kuna pia shahada za uzamili na uzamivu.

Usitegemee kuchagua fani yako siku ya kwanza. Utaanza na misingi kama kila mtu, na kuna waliokuja kwa ajili ya kompyuta wakaishia kwenye tanuru la kuchomea vyungu.

9. Nimesikia wanatumia nguo ya gome la mti. Ni masomo au ni utalii?

Ni masomo. Waganda huiita lubugo, na inatokana na mti wa mutuba, jamii ya mikuyu. Gome huvuliwa wakati wa mvua, shina likaviringishiwa majani ya mgomba lisikauke, na mti haukatwi wala haufi: huota gome jipya, ukavunwa tena mwaka mwingine. Gome lenyewe hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza mifereji mipana, halafu myembamba. Kipande chembamba kama ubao hutanuka hadi kikawa shuka. Kikianikwa juani hugeuka rangi ya tofali. Kazi hii ni ya jadi kwa ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu.

Kwa mwanafunzi, lubugo ni somo gumu. Haikubali rangi kama pamba, ukiivuta vibaya inachanika, na kwa Waganda wengi ni kitambaa cha mazishi na cha enzi, hivyo huwezi kuishonea begi la sokoni bila kuulizwa maswali. Ni kweli begi hizo zipo tele, nyingine nzuri, nyingine aibu tupu.

10. Lazima niwe najua kuchora kabla ya kwenda?

Uwe umewahi kuchora kwa kuangalia kitu chenyewe. Kufuatisha picha hakuhesabiki. Chukua kiatu cha baba, kiweke mezani, kichore kila siku kwa wiki mbili. Siku ya kumi na nne utakuwa umejua kama unataka maisha haya.

11. Nina kompyuta na najua programu za usanifu. Penseli nitaihitaji?

Ndiyo. Tazama swali la 10.

## Kuingia

12. Sifa za kujiunga ni zipi?

Makerere hutumia mfumo wa uzito wa masomo. Kwa kila kozi, masomo yako ya kidato cha sita hupangwa kwenye makundi, yale ya lazima yanazidishwa kwa 3, yanayohusiana kwa 2, na yanayobaki yanapata kidogo. Katika kozi ya sanaa, somo la sanaa ndilo linalobeba. Kama ulisoma masomo matatu ya sayansi ukafaulu vizuri lakini hukugusa sanaa, alama zako zinaweza kushindwa na za mtu mwenye ufaulu wa kawaida ila mwenye sanaa.

Hapo ndipo Watanzania wengi hukwama, maana shule nyingi hazina somo la sanaa kidato cha tano na sita. Kama uko kidato cha tatu au cha nne na unalisoma jibu hili, bado una muda wa kuchagua shule.

13. Nimemaliza kidato cha sita Tanzania. Vyeti vyangu vinakubalika?

Kidato cha sita cha Tanzania kinalingana na cha Uganda, lakini lazima alama zilinganishwe rasmi na baraza la mitihani la Uganda, UNEB. Anza mapema, kwa sababu foleni ya kulinganisha vyeti haingojei tarehe yako ya mwisho ya maombi.

Upande wa nyumbani, kabla hujaondoka nenda TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, upate hati ya kutokuwa na pingamizi. Wengi huiruka, halafu miaka inapita, wanarudi na shahada, na kuitambulisha kunakuwa safari nyingine.

14. Mimi ni Mkenya mwenye KCSE. Naweza kuingia moja kwa moja?

Uganda hudai kidato cha sita au kinacholingana nacho, na KCSE ni ya kidato cha nne. Kwa hiyo utatakiwa kwanza kupitia kozi ya daraja inayotambulika, yaani ya kukuvusha kutoka kidato cha nne hadi chuo kikuu, au uje na stashahada. Ukiambiwa na dalali wa barabarani kwamba "atakupangia", funga mkoba wako.

15. Nina stashahada ya sanaa. Nianzie wapi?

Kuna mlango wa wenye stashahada, tofauti na wa kidato cha sita. Stashahada za nje ya Uganda hulinganishwa na NCHE, baraza la elimu ya juu. UNEB ni kwa vyeti vya sekondari tu. Beba pia kazi zako. Picha za kazi kwenye simu ni sawa kwa kuonyeshana na rafiki, lakini ukienda kujieleza kwa wahadhiri uwe na karatasi zenyewe.

16. Ada ni kiasi gani?

Hubadilika kwa mwaka wa masomo na hutofautiana kwa uraia, hivyo kiasi kilichomo kwenye barua yako ya udahili ndicho cha kufuata. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ada si gharama pekee. Tazama swali la 18.

## Kuishi na kusoma

17. Kiswahili kitanisaidia Kampala?

Darasani ni Kiingereza. Mtaani ni Kiganda. Kiswahili kinaeleweka kwa wengi, na kikatiba kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kina jeraha: kwa vizazi kadhaa kilikuwa lugha ya askari mwenye bunduki, na mzee fulani anaweza kukukunjia uso ukimsalimia "shikamoo". Si chuki kwako. Jifunze "oli otya" (habari yako) na "weebale" (asante) wiki ya kwanza, na Kiswahili chako kitapokelewa vizuri zaidi wiki ya pili.

18. Gharama zipi hazionekani kwenye barua?

Vifaa. Brashi, rangi, karatasi nene, kanvasi, patasi, wino wa chapa, kuchapisha mabango ya mradi wa mwisho. Mwanafunzi wa sheria hununua daftari, wewe unanunua duka. Waliozoea huanza kwa kugawana vifaa wawili wawili, huunda fremu wenyewe kwa mbao za mabaki, na hutumia udongo wa Uganda, ambao ni mwingi na mzuri.

19. Chakula je?

Wandegeya, chini ya kilima. Chapati iliyoviringishwa na mayai inaitwa rolex, na ndiyo iliyosomesha nusu ya Makerere.

20. Nasafirije?

Wakenya huvuka Busia au Malaba. Watu wa Kagera hupita Mutukula, na kwa aliye Bukoba, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam. Mtanzania asafiri na pasipoti au hati ya safari, kisha ashughulikie kibali cha mwanafunzi kwa uhamiaji akishadahiliwa.

## Maswali ya pembeni

21. Mimi ni Mwislamu na sipendi kuchora sura za viumbe. Kuna nafasi yangu?

Ipo, ila usidanganywe kwamba hutaguswa kabisa. Misingi ya kuchora hutumia mwili wa binadamu, na utahitaji kuongea na mhadhiri mapema, kwa adabu, kabla hujafika siku ya zoezi lenyewe. Baada ya hapo, ufinyanzi, vitambaa, khati na nakshi vinakungoja.

Angalia kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo likikosewa kwa upana wa kidole, mji unaonekana umebanwa. Jina likiwekwa juu mno, linapotea likifungwa kiunoni. Hakuna uso wa mtu humo, na bado ni usanifu mgumu kuliko mabango mengi ninayoyaona barabarani.

22. Nina upofu wa rangi.

Uchongaji, ufinyanzi na chapa za rangi moja havikuzuii. Waambie wahadhiri tangu mwanzo ili isije ikahesabika kuwa uzembe.

23. Baba anasema sanaa ni kupoteza ada. Nimjibuje?

Usimjibu kwa majina ya wachoraji maarufu, hayamhusu. Mpeleke dukani. Mwonyeshe pakiti ya majani ya chai, kifuniko cha maziwa, kitenge, jalada la kitabu cha shule, kibao cha benki. Kila kimoja kilichorwa na mtu aliyelipwa. Kisha mwambie kweli: kuuza picha pekee ni riziki ya kubahatisha, na ndiyo maana umechagua shule yenye upande wa viwanda (swali la 4). Mzazi akisikia umeshayapima hayo mwenyewe, mazungumzo hubadilika. Wengine hawabadiliki, na hapo shangazi au mjomba mwenye busara anafaa kuliko wewe.

24. Siendi kusoma, nataka kuona tu. Nianzie wapi?

Jumba la sanaa la Makerere liko chuoni, karibu na shule yenyewe, na huonyesha kazi za zamani na za sasa. Ukitoka hapo nenda maktaba kuu ukamwone mtu wa mti wa Nnaggenda (swali la 7). Ule uchoraji wa Mary Stuart uko ndani ya bweni la wasichana, kwa hiyo omba ruhusa getini na usiingie na kamera mkononi. Mwisho shuka mjini kwenye mnara wa Maloba. Nenda alasiri, jua likiwa upande, kamba zilizochongwa mwilini zikitoa kivuli. Saa sita mchana huoni kamba, unaona mtu na mtoto tu.